Mashine Iliyonyamaza

Mashine ya Kusaga,
Nyuma ya Soko.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka Spana,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo? Na lile goti, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima. Mimi nimekonda kidogo kwa mbio za miezi hii, lakini mama anasema nimependeza, kwa hiyo usinionee huruma.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kukuletea habari nusunusu. Uliuliza kama ni kweli injini ya baba tumeizima. Ni kweli. Keti kwanza, nikueleze.

Halmashauri ilileta mpango wa soko zima kutumia umeme wa jua, na injini zote za dizeli ziondoke. Wafanyabiashara tungepiga kura ya kunyoosha mikono. Tukikataa, vifaa vinapelekwa soko jingine. Alitakiwa mtu mmoja afungiwe sola kwa majaribio ya miezi mitatu, watu wajionee wenyewe. Mdogo wako nikajitokeza kimbelembele.

Mama alikasirika. Akaniambia kwamba injini ile baba aliifunga kwa mikono yake, na siku ya kura yeye atasimama mbele ya watu wote akatae. Nawe unajua mama akikataa jambo, nusu ya soko inakataa naye. Kaka, niliumia. Nilikuwa na hakika kwamba niko sawa, lakini kumshinda mama hadharani sikutaka hata kidogo.

Basi sola ikapanda juu ya paa, mota ikafungwa kwenye kinu, nikabonyeza swichi. Unga ukatoka laini kabisa. Wateja hawakuja. Kesho yake hawakuja, na keshokutwa vilevile. Nilikaa mlangoni na aproni safi nikifukuza nzi.

Siku ya nne akapita muuza mboga, akasema, "Poleni jamani. Mashine imekufa lini?"

Nikamwambia haijafa, inasaga wakati huohuo. Akaingia ndani kuhakikisha, akatoka akicheka mpaka akashika ukuta. Ndipo nilipoelewa. Miaka thelathini watu wamejua tumefungua kwa kusikia ngurumo wakiwa majumbani kwao, ndipo wanabeba ndoo ya mahindi. Mhandisi wa halmashauri aliyetufungia sola alipima paa, akahesabu nyaya, akachora na ramani, lakini hilo halikumjia. Hata mimi niliyekulia ndani ya kelele ile sikulifikiria.

Nikatundika rimu kuukuu ya gari mlangoni, nikawa naigonga kila asubuhi kwa spana yako kubwa, ile uliyodhani imeibiwa. Foleni ikarudi. Wengine wakatia mkono ndani ya unga, wakaukuta hauna joto walilolizoea, wakadai umelala tangu jana. Hao niliwaingiza ndani wasimame wayaangalie mahindi yao yakiingia na kutoka. Ubishi ukaisha.

Kura ilikuwa Alhamisi. Afisa wa halmashauri alisema maneno mengi hadi watu wakaanza kujipepea na karatasi zake. Kisha mama akasimama.

"Mimi nilikusudia kukataa," akasema. "Miaka yote nimesaga unga wenu nikiwasoma midomo tu, sisikii mnachosema. Juzi mjukuu wangu alikuwa anafagia mashineni huku anaimba, nikasikia maneno yote. Baba Spana naye alikuwa anaimba palepale. Nilikuwa naona midomo inacheza. Mpaka anakufa sijui alikuwa anaimba nini."

Akanyoosha mkono, akaketi. Sikuhesabu mikono iliyofuata kwa sababu nilikuwa nalia, lakini mpango umepita, na aliyebaki akipinga ni kinyozi peke yake, naye hupinga kila kitu.

Injini haitauzwa, ondoa wasiwasi. Mama amesema itang'olewa siku utakayokuja, na nati ya kwanza uilegeze wewe. Kwa hiyo tafuta likizo, na usiniletee visingizio vya bosi wako.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na shangazi ukimpata kwenye simu mwambie barua yake ilifika. Binti yangu anakuamkia, na muuza mboga anakusalimu ingawa hujamuuliza.

Lakini kabla hujapanga safari, kuna jambo moja. Mlipokuwa mnaitengeneza injini ikiwa imezimwa, wewe ndiye uliyekuwa karibu na baba. Kama aliimba hata hapo, na kama unakumbuka hata mstari mmoja, niandikie upesi. Mama anauliza kila siku kama umejibu.

Mungu akulinde na akupe afya wewe na wote wa nyumbani kwako.

Wako akupendaye daima,
mdogo wako,
Kitinda