Kwa Mhina Isihaka, Uliyemaliza Chumvi ya Nyumba

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, Baba Mashavu, na bado chumvi haikai jikoni.

Ulikuwa mtu mwema, nani atakataa? Shamba la kijiji hukulitegea, na mgonjwa akipelekwa Korogwe wewe ndiye uliyeshika machela. Lakini walipokuja wataalamu kutafuta joto la ardhini kwenye chemchemi yetu ya maji moto, wakakuajiri kuwafukia nyaya, tulikukosa ungali hai. Kila mgeni ulimweleza, hata chakula kikipoa: ardhi ina umeme wake, penye maji moto chini kabisa umeme huo hupita kirahisi, na nyaya zinausikiliza. Tulisikia, mume wangu, mpaka masikio yakachoka.

Kisha ukaenda kwa Yordani, ukamwambia azime mashine ya kusaga, eti mtikisiko wake unaharibu vipimo. Kijiji kizima cha ujamaa, mashine moja, ukaizima. Wanawake tukarudi kwenye kinu, na waliotwanga hawakukusema wewe, walinisema mimi.

Chumvi yangu nayo ukaikoroga na maji, ukaimwaga mashimoni ili waya ushikane vizuri na udongo. Mbuzi wa shemeji Abdi wakaja kulamba. Wakafukua, wakang'oa nyaya, vipimo vikaharibika vyote. Wataalamu wakaondoka wakiahidi kurudi. Jioni ile hukugusa ugali. Ukasema, "Mama Mashavu, joto lipo. Ni mbuzi tu." Ukawasubiri hadi homa ikakuchukua.

Mwezi uliopita walirudi. Yordani aligoma kuzima mashine, akasema aliyekuwa akimsumbua amekwisha kuzikwa. Nilisimama mlangoni kwake mpaka akazima. Wanawake wamenuna hadi leo, na mikono yangu ina malengelenge ya mchi. Chumvi niliitoa mwenyewe, nikaimwaga palepale ulipomwaga wewe. Wamepata vipimo vyao. Wanasema joto lipo.

Ila mbuzi niliwafunga kwanza, mwanamume wewe. Hilo tu lilikushinda.

Unakumbukwa na mkeo Mwanaidi, binti yako Mashavu, mwanao Muhidini, mdogo wako Abdi pamoja na mbuzi wake, na jamaa wote wa Kerenge na Handeni. Mwenyezi Mungu akulaze pema.

Daima tutakukumbuka, hasa mboga ikikosa chumvi.