Neno la Nguruwe

Jumatatu, 9 Juni
Daktari amerudia mbele yangu: Ligaya akishika mimba nyingine, huenda tukamzika. Vidonge vya kuzuia mimba vinampandisha presha. Sindano zilimtoa damu mfululizo. Njia iliyobaki ni mumewe afunge uzazi. Berting alitazama viatu vyake. "Nitafikiria, Mama." Afikirie upesi! Sina binti mwingine.

Jumatano, 11 Juni
Mjumbe wa mtaa amepita na kipaza sauti. Jumamosi, kituo cha afya, bure — wanaume waje kuhasiwa. Kuhasiwa! Nilitoka na ndala mkononi, nikamsimamisha. Nguruwe huhasiwa, nikamwambia. Mwanamume hufungwa mirija ya mbegu, na kila kitu chake hubaki mahali pake. "Samahani, Mwalimu." Akawasha pikipiki, akatangaza vile vile mtaa wa pili.

Na Berting kazi yake ni kuhasi nguruwe! Dukani kwa Pacita wanaume walikuwa wakimngojea. "Kaka Berting, utatumia wembe wako, au utaazima?" "Jumapili kanisani utaimba sauti nyembamba na akina mama!" Alicheka pamoja nao. Nyumbani hakugusa mchuzi wa sinigang.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemchorea mirija kwenye ubao wa watoto. Alisikiliza vizuri, hata akauliza swali la maana. Kisha: "Nimeelewa, Mama. Lakini mimi ndiye ninayewashika wale nguruwe. Najua wanavyokuwa baadaye."

Nilifuta ubao, mchoro wote.

Akaniomba nimsindikize. Nilikubali kabla ya kufikiri. Mimi ninayesoma masomo ya misa kila Jumapili, na Padri Anselmo ameshahubiri kwamba jambo hili ni dhambi, bila kumung'unya maneno. Ligaya alikuwa nyuma ya pazia, anamnyonyesha mtoto.

Jumamosi, 14 Juni
Naandika kwenye benchi la kituo. Tulipopita kanisani, Padri alikuwa akifagia kibaraza. "Mwalimu, mapema hivi! Kuna mgonjwa?" Nikasema ndiyo. Si uongo. Ligaya ni mgonjwa.

Wanaume hapa ni wachache, hawatazamani. Berting amevaa shati la harusi — sijui kwa nini.

Nesi ameita jina lake. Amesimama. Ameketi tena. Ananiuliza kama Ligaya amekunywa dawa yake ya asubuhi. Nimemwambia amekunywa.

Nesi anaita mara ya pili. Sitamsukuma. Naapa sitamsukuma. Lakini mkono wangu wa kushoto uko mgongoni kwake —