Daraja la Makwale na Chungu cha Tusekile

Makwale, Kyela,
S.L.P. Tukuyu.
26 Juni 1955

Mpendwa kaka Lameck, nanyi nyote wa nyumbani mtakaosomewa barua hii hapo kambini Luanshya, wapiganaji wenzangu katika vita vya kuuheshimu mkono unaolima na mkono unaochimba:

Ndaga! Nawasalimu kwa shangwe. Je, kaka, kile kikohozi cha vumbi la machimboni kimepona? Mama amenikataza kuandika lolote kabla ya kukuuliza hilo. Sisi hapa tu wazima. Shemeji Marta hajambo, na mwanao Tuntufye ameota meno na anamng'ata kila ambebaye.

Sasa shangilia, kaka. Daraja linajengwa!

Unajua tulivyokuwa tukiishi. Wakati wa mavuno mto bado umefurika, lori halivuki, anavuka mchuuzi mmoja tu na wapagazi wake, na bei anaitaja yeye. Mpunga wetu unapanda Tukuyu kwa bei ya kutupa. Ifikapo Januari, ghala zikiwa tupu, unarudi kwa bei ya kutoa machozi. Na nani aliyekuwa akiununua? Wewe! Mshahara unaoupata chini ya ardhi ya watu ulikuwa ukinunua mpunga alioulima mama yako juu ya ardhi yake mwenyewe. Kwa sababu ya mto mmoja, nyumba hii imekaa bila mwana wake mkubwa!

Fedha za Hazina ya Baraza, yaani kodi yetu sote, zilikuwa zimetengwa kwa jengo jipya la baraza, la mawe, lenye madirisha ya vioo. Mkutano wa baraza ulipokaa kulijadili, nilisimama kabla sijaitwa. Niliwauliza kama watoto wa Makwale watakula vioo. Nilisema kwamba fedha ya umma ni mbegu: ikipandwa barabarani huzaa soko, soko huzaa shule, na shule huzaa watu wasiotawaliwa kwa kutishwa. Nilisema sana, kaka.

Mzee Andongwisye, mkuu wa baraza, akanikatiza: "Aliko, mwanangu, huko Makerere hawawafundishi kumeza mate?" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Lakini pingamizi lenye uzito lilitoka ziwani. Tusekile, mfinyanzi wa Ikombe, alikuwa amekuja na wenzake kwa mtumbwi, akaweka chungu katikati ya baraza. Unaikumbuka desturi yetu: mwambao wao Wakisi ni mawe matupu, hauoti mpunga, hivyo chungu chao tunakinunua kwa mpunga unaokijaza mpaka ukingoni.

"Ninyi mtacheza ngoma bei ikipanda," alisema. "Lori likishazoa mpunga wote, mimi nani atanijazia hiki? Wanangu wale udongo?"

Hilo ndilo swali, wapiganaji wenzangu! Maendeleo yanayomvimbisha mkulima na kumlaza mfinyanzi na njaa ni mchuuzi yule yule aliyebadilisha koti. Nilikuwa navuta pumzi nianze hotuba ya pili, mama akanivuta nguo nikae, akasimama yeye.

"Chungu ni kwa ujazo wake, lori lije lisije. Mwanamke wa Makwale atakayekataa, apike kwenye kofia ya mumewe."

Wanawake wote walipiga vigelegele, na ahadi ikawa imefungwa hapo hapo, mbele ya baraza zima. Tusekile akainua chungu chake, akakitazama pande zote. "Basi vijavyo vitakuwa na matumbo," akasema. Hakuwa akitania! Vilivyofika juzi ni vinene hata wapagazi wawili wanagombana nani avibebe. Mama analalamika huku akijaza, na anajaza huku akicheka. Naye Tusekile ameulizia kama lori litakaporudi Tukuyu litakuwa na nafasi ya vyungu.

Mzee Andongwisye alinyoosha mkono kukubali daraja. Aliomba tu aachiwe japo dirisha moja la kioo. Tumemwachia.

Magogo yamekwisha kuvuka matope, nguzo zimesimama. Mwaka huu mchuuzi alikuja na wapagazi wake, akarudi na wapagazi wake. Mpunga uko ghalani, unasubiri lori, na ule wa kula umetengwa.

Kwa hiyo, kaka, Januari usitume fedha ya chakula. Jilete mwenyewe, na mapema! Mkataba wako unakwisha mwezi ujao; nakusihi usitie sahihi mwingine.

Shemeji Marta, shangazi Anyisile na mchungaji wetu wanakusalimu. Mungu aliyekulinda gizani akulinde njiani.

Mimi mdogo wako, nisiyechoka kukupenda,
Aliko

Tena: mkutano ujao wa baraza ni Jumamosi, 30 Julai, saa tatu asubuhi, darajani. Daraja litakuwa tayari na wote watavuka siku hiyo, ila mama amesema hatakanyaga ubao hata mmoja mpaka uje umshike mkono.