Risasi Zisizo na Kichwa

Jumatatu, 1 Agosti 1966

Wamalwa amerudi likizo kutoka jeshini. Amekuja kunisalimia hapa mtaani West Indies, sare imepigwa pasi hadi inang'aa! Kicheko ni kile kile cha Kituyi, babake, aliyekufa vitani Boma, Burma kwa Wazungu, mwaka wa '44 bila kumwona. Mamake, Selpha, alikuja naye, na thermos ya chai. Nikakataa, nikasema tumbo. Miaka ishirini na mbili sijagusa chai. Wote wanadhani ni vidonda.

Selpha anataka Jumapili, tukienda Sugoi kuombea shamba tulilonunua na kikundi, nisimame nieleze watu jinsi mumewe alivyokufa. Amechagua ploti inayopakana na yangu. Anasema kijana asiye na baba akae karibu na rafiki wa babake. Nikaitikia. Mwongo mkubwa mimi.

Jumatano, 3 Agosti

Wamalwa tena. Silaha kwake ni kama mpira kwa wenzake. Mwalimu wao Mzungu aliwaonyesha picha ya bunduki mpya ya Waamerika ya kurusha bomu. Mtutu mfupi, mnene. Unaikunja katikati, unatia bomu, unafunga, unafyatua. Bomu limebeba baruti yake lenyewe. Akauliza, sisi wa Keya, jeshi la Mwingereza, tulirushaje? Nikamchorea: bunduki ya kawaida, kikombe cha chuma mdomoni, bomu la mkono ndani yake. Halafu unatia risasi isiyo na kichwa, baruti tupu, ndiyo inayolisukuma.

— Na mtu akitia risasi ya kweli?

Nikasema mvua inakuja, nianue nguo. Hakukuwa na wingu hata moja!

Akaondoka akisema siku hizi mtu hawezi kukosea. Kweli. Wameunda bunduki isiyohitaji kumwamini mtu kama mimi.

Alhamisi, 4 Agosti

Niandike basi. Hakuna wa kunisoma.

Mvua ya Boma haikukatika. Kuni mbichi. Kituyi alikuwa mrushaji, mimi kazi yangu kumpa risasi. Nikapasua tatu za zile zisizo na kichwa, nikamwaga baruti kwenye kuni. Moto ukashika, tukanywa chai. Kituyi akanisifu! Hakujua baruti imetoka wapi. Ili Sajini asione pochi imepungua, nikajaza risasi za kweli. Nitarekebisha jioni, nilijiambia.

Wajapani walikuja kabla ya jioni. Kituyi akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, sikutazama. Nikampa ya kweli. Bomu likapasukia mle mle kikombeni.

Mimi sikukwaruzika sana. Nikasema ni mzinga wa Wajapani. Watu wakanipa pole!

Naona aibu. Hata kalamu hii naionea aibu.

Jumamosi, 6 Agosti

Asubuhi niliandika hotuba. Mzinga, ushujaa, kila kitu. Maneno mazuri kabisa.

Mchana Wamalwa akanifuata kazini, ghala la mahindi. — Mzee, nani alikuwa anampa baba risasi? Nikasema Sajini Ondiek. Imenitoka hivyo tu. Ondiek! Ndiye aliyembeba Kituyi mgongoni hadi tulipomzika. Alifariki mwaka juzi, hawezi kujitetea. Kijana ameandika jina kwenye kijitabu. Wiki ijayo atamtafuta mjane wa Ondiek amuulize. Sasa yule mama naye nimemwingiza.

Jumapili, 7 Agosti, asubuhi

Nimeuchana ukurasa wa Alhamisi. Uko mezani, kando ya hotuba.

Lori la kwenda Sugoi linapiga honi barabarani. Selpha ameingia na gauni la kanisa na thermos. — Baba Nangila, leo kunywa hata kidogo, kuna baridi. Ameshamimina. Nimeomba dakika moja niandike. Anadhani ni hotuba, ametulia, ananitazama kwa heshima. Heshima!

Wamalwa amesimama mlangoni, medali ya babake kifuani, anawapigia kelele watu wa lori wangoje. Anasema, Mzee, leta karatasi nikubebee. Hageuki. Amenyoosha mkono nyuma.

Karatasi ni mbili. Mkono bado uko pale —