King'ora cha Wageni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na Shemeji pamoja na wapwa zangu, na kwamba goti la Shemeji limepata nafuu tangu alipokubali kutumia mkongojo. Mwambie mkongojo haumzeeshi mtu. Kinachomzeesha mtu ni kuanguka kwenye ngazi mbele ya wapangaji wake. Mama anakusalimu sana. Anakula, ingawa kwa kubembelezwa, na kila asubuhi anatoka kidogo, anasema anakwenda kwa jirani kupoteza mawazo. Mimi nami nipo. Najua hapa ndipo panapoandikwa kwamba sote hatujambo, lakini nimekaa na kalamu mezani nikatafuta namna ya kuliandika hilo bila kusema uongo, nikashindwa. Niruhusu nilipite.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Lakini sisi tukipigiana simu mmoja analia, mwingine anamnyamazisha, na neno lenyewe halisemwi. Ile siku uliyoondoka baada ya mazishi, ukiwa umeshapanda gari, uliteremsha kioo ukaniuliza kama king'ora kililia. Dereva akaondoa gari kabla sijajibu, nami nikamshukuru kimoyomoyo. Uliniuliza tena kwenye simu nikajifanya mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzima, Dada. Leo nakujibu, ila itabidi univumilie, maana jibu lenyewe halianzi siku ile.

Wewe uliolewa ukahama kabla bwawa halijajengwa, kwa hiyo mto ulio nao kichwani ni ule wa utotoni, uliotuchukulia ndala tukarudi nyumbani peku tukatandikwa. Mto ule haupo tena. Walipojenga ukuta waliacha mlango mmoja mdogo chini kabisa, na mkataba ukasema mlango huo usifungwe hata siku moja, kwa kuwa maji yanayopita hapo ni ya mto wenyewe, ya kuuweka hai huko chini. Sisi kazini tuliuita mlango wa mto. Ulikaa wazi mpaka ukame wa kwanza. Umeme ukaanza kukatika mjini, wakubwa wakanung'unika, ikaja amri kwa simu kwamba maji yale yanamwagika bure na yanatakiwa kwenye mitambo. Tukaambiwa tuufunge kwa muda. Muda huo haujaisha mpaka leo, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kushuka kutazama kufungwa huko kulileta nini.

Ulipokuja msibani ulikuta tope la mafuriko limefunika kila kitu, hukuona hali ilivyokuwa kabla. Mto ulibaki vidimbwi. Samaki walijazana humo wakihema, watu wakawazoa kwa ndoo huku wanacheka, na baada ya hapo hapakuwa na wa kuzoa tena. Miti mikubwa ya ukingoni, ile tuliyofungia bembea, ilikauka ikiwa imesimama. Visima vikatoa tope, kisha vikaacha kutoa hata hilo tope. Mashamba ya kando, ambayo zamani mafuriko ya kila mwaka yaliyaletea udongo mpya, yakawa magumu kama sakafu. Unyevu ulibaki mahali pamoja tu, katikati ya mto wenyewe, basi watu wakachukua majembe wakateremka wakalima humo. Serikali ilijua. Bwana shamba alikuja hadi humo kuwapa mbegu.

Baba alikuwa wa mwisho kuteremka. Alisema hawezi kuulimia mto kifuani. Alibeba maji kwa ndoo akamwagilia shamba lake la juu mpaka Mama alipomfichia ndoo, ndipo naye akachagua kipande chake pale mto unapopinda, akapanda kunde na nyanya. Mama anasema alikuwa akifika pale anaomba radhi kwanza, ndiyo anachimba.

Sasa nije kwenye king'ora. Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Nakaa kwenye chumba cha vioo juu ya ukuta wa bwawa, mbele yangu pana skrini za vipimo, darubini ya kazi, na kitufe chekundu chenye kifuniko. Kabla mlango mkubwa wowote wa kumwaga maji haujafunguliwa, nabonyeza kitufe hicho, na king'ora kinalia kwa mlio mrefu unaosikika bonde zima, ili kila aliye chini atoke. Nilipopata kazi hiyo, Baba alitangaza habari mpaka kwa watu waliokuwa hawamuulizi. Akanibandika jina, Bwana Honi, nawe ukalidaka ukaniita hivyo kwenye simu marafiki zangu wakisikia, sijakusamehe. Siku zile za majaribio ya mwanzo watu walikimbia kwelikweli. Mzee mmoja alipanda juu ya paa na redio yake, akakataa kushuka mpaka apelekewe chai.

Aliyeharibu ni meneja wetu. Sisi tunamwita Mheshimiwa Mtarajiwa, kwa sababu hakuna cheo asichokitamani, na kila mkubwa anayepita anamwona ni ngazi. Waziri alikuja kututembelea, na kwenye bwawa hakuna cha kumwonyesha mgeni ila maji yaliyotulia. Mheshimiwa Mtarajiwa akaona aibu, akaniagiza nibonyeze king'ora. Waziri akafurahi, akapiga makofi, akaomba kirudiwe. Kuanzia hapo kila mgeni alipigiwa king'ora: wabunge, wafadhili, wanafunzi wa vyuo, na mke wa katibu aliyekuja kupiga picha tu. Nilimwambia meneja kwamba kile ni chombo cha kuonya watu. Akanijibu kwamba mlio ni mlio, na kwamba vijana wa siku hizi tunapenda kupinga kila kitu. Nikabonyeza.

Watu wa chini wakazoea. Kikilia wanaambiana leo kuna mgeni, wanaendelea kupalilia. Mama alikuwa akiniuliza jioni kama mgeni wa leo alikuwa mnene. Na Baba, ambaye macho yake yalikuwa bado yanaona mbali, alikuwa na namna yake: kikilia tu, ananyoosha mgongo, anainua jembe juu kuelekea ukutani, na kuwaambia walio karibu kwamba yule ni mwanawe anamsalimu. Kipande chake kilionekana vizuri kutoka chumbani kwangu, kwa hiyo nilimwona kwenye darubini kila mara. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kumwambia.

Na juu ya bwawa nako mambo yalikuwa yanaharibika. Msitu wa milimani uligawiwa kwa vibali, malori yakashusha magogo mchana na usiku, na kila mvua ikaleta udongo badala ya maji. Mtaalamu aliyekuwa akipima tope alisema karibu nusu ya bwawa siyo maji tena, ni udongo, na mvua kubwa ikija hakutakuwa na nafasi. Walimhamishia makao makuu, wakampa ofisi nzuri isiyo na kazi.

Mvua kubwa ikaja. Kanuni ni kupunguza maji kidogo kidogo mapema, hata mtoto angeelewa. Meneja akakataa. Waziri alikuwa anakuja tena, safari hii na watu wa televisheni, na meneja alitaka ziwa lionekane limejaa mpaka ukingoni. Fundi wa milango, ambaye ni mtu mpole na hajawahi kubishana na yeyote, alimwambia ana kwa ana kwamba maji hayamngoji waziri. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikaunga mkono. Tukaamriwa tungoje.

Siku yenyewe unaijua, ila hukuwahi kuelezwa ilivyokuwa. Mvua ilikuwa inanyesha milimani, huku kwetu jua linawaka na hakuna hata wingu. Magari meupe ya maafisa wanaomtangulia waziri yalikuwa yamepangwa juu ya ukuta, yanaonekana bonde zima. Maji yalipanda kuliko tulivyowahi kuyaona. Ndipo meneja yuleyule aliyesema tungoje akaja mbio, akasema tufungue milango yote, sasa hivi.

Sasa nakujibu swali lako, Dada. King'ora kililia. Na aliyekuwa zamu ni mimi. Nilikuacha uamini kwamba nilikuwa nyumbani nimelala, kwa kuwa nilijua ukijua hilo utauliza lingine. Nilibonyeza mlio wa kwanza nikachukua darubini. Baba alinyoosha mgongo. Aliyatazama yale magari meupe, akawatazama wenzake, akainua jembe juu. Nikabonyeza tena na tena, na kila nilipobonyeza aliinua jembe juu zaidi, maana hajawahi kusalimiwa vile. Nikafungua dirisha nikapiga kelele, sauti haikufika popote. Nikavua shati la kazi nikalipunga kwa nguvu zangu zote. Baba alivua kofia yake akanipungia nayo, Dada, na wenzake wakacheka wakapunga pamoja naye.

Fundi wa milango alinisubiri. Alisubiri kwa kadiri binadamu anavyoweza, mkono wake uko kwenye mtambo huku analia, mpaka ukuta wenyewe ukaanza kutoa mlio chini ya miguu yetu. Ukuta ule ungepasuka, tungepoteza bonde zima na mji ulio chini yake. Akafungua. Mimi sikuliacha dirisha.

Mama aliambiwa na waliookoka, waliokuwa wamepanda ukingoni kunywa maji, kwamba Baba alikufa ananisalimu. Analirudia neno hilo kila jioni ili kunifariji, na mimi naitikia. Sijui kama hajalifikiria mpaka mwisho, au amelifikiria ananificha. Sina moyo wa kumwambia kwamba mimi nilikuwa namwambia Baba akimbie, na yeye akasikia salamu.

Tume ya uchunguzi imefika leo. Jana meneja aliniita ofisini, akanikalisha kwenye kiti cha wageni, akanipa pole upya. Alisema nikiulizwa niseme mambo mawili tu: kwamba king'ora kililia na kwamba watu hawakutoka. Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana yananichefua. Alisema maneno hayo yakitoka kwa mtoto wa marehemu hakuna atakayehoji, kisha akanikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba nyumba ninayoishi na Mama ni ya kazi. Kesho zamu yangu ni ya kwanza mbele ya tume. Nitasema hayo mawili, halafu nitaendelea. Nitasema habari za wageni wote waliopigiwa king'ora, na mlango wa mto, na msitu, na mtaalamu wa tope, na ziwa lililojazwa kwa ajili ya picha. Sitegemei kwamba watafanya lolote. Lakini nitasema, na baada ya hapo hatutakuwa na nyumba.

Ningeweza kuishia hapo nikakuomba umpokee Mama kwa sababu ya nyumba tu. Sababu yenyewe nimeipata leo asubuhi. Magari ya tume yalipoingia, meneja alipanda chumbani kwangu akaniagiza nibonyeze king'ora kuwakaribisha. Nilidhani ana wazimu, lakini hakuwa na wazimu, amezoea tu. Nikamwambia sibonyezi. Akanisukuma kando, akafunua kifuniko, akabonyeza mwenyewe.

Nilikwenda dirishani bila kutaka. Chini kule, pale mto unapopinda, watu wameshaanza kurudi na majembe, kwa sababu hakuna pengine penye unyevu na watoto wanataka kula. Hakuna aliyekimbia. Hakuna hata aliyegeuka, isipokuwa mtu mmoja, katika kipande cha Baba, aliyenyoosha mgongo taratibu akainua mkono kuelekea kwangu. Nilichukua darubini, ingawa nilishamjua kwa kanga yake. Alikuwa Mama.

Jioni hii nilimuuliza. Hakukana. Alisema kunde zimejiotea zenyewe pale alipopanda Baba, ni dhambi kuziacha zife, na kwamba akisikia king'ora roho yake inatulia kwa kuwa anajua mimi nipo juu pale. Nilimkataza, akanipakulia chakula. Mimi hanisikii, Dada, mimi ni kitindamimba, kwake bado nina umri wa kupanguswa pua. Wewe atakusikia. Mvua za milimani hazijaisha, na kuanzia kesho mwingine ndiye atakayekaa kwenye kile kitufe, na hata kama atakibonyeza kwa haki, Mama atasimama pale ainue mkono.

Njoo umchukue. Usiniandikie kwamba unakuja, usisubiri mwisho wa mwezi, usisubiri goti la Shemeji. Panda gari uje. Na ukiona lazima umwambie hayo niliyokuandikia ndiyo akubali kuondoka, mwambie wewe, mimi nitatoka nje.

Nisalimie Shemeji, nisalimie wapwa zangu wote, na yule mdogo anayependa kuigiza honi ya gari akifikiri ananifurahisha, usimkataze. Mwambie Mjomba amemsikia.

Ni mimi mdogo wako,

Bwana Honi