Theluji Inaliaje, Bibi?

Bibi yangu, wajina wangu,

Jibu limepatikana. Najua hujatulia huko uliko, maana uliondoka na swali mdomoni, na sikio lako halikuwahi kulala njaa hata siku moja. Theluji haina sauti. Ikianguka hailii. Usibishe kwanza, ngoja nikusimulie, sisi wenyewe tulibisha.

Unaukumbuka ule mradi wa shule yetu ya hapa Kabasa na shule ya Finland, ile nchi ya kaskazini ambako ziwa linaganda watu wakatembea juu yake. Tunatengeneza katuni moja kwa kompyuta. Wao wanachora maisha ya kwetu, sisi tunachora ya kwao, halafu kila upande unamrekebisha mwenzake. Mwenzangu anaitwa Aino. Nilikuja kwako Mugango na kishikwambi cha shule ili nikurekodi ukiita ng'ombe jioni, nawe ukataka kujua wenzangu hao wakifungua mlango asubuhi wanaona nini. Nikakuambia theluji, vipande vyeupe vinavyoshuka kutoka mawinguni. Ukaacha kukamua kabisa.

"Inaliaje?"

Nikasema sijui.

"Kitu kikitokaga juu lazima kilie. Mvua inaliaga, mvua ya mawe inaliaga, hata papai likianguka linaliaga. Waulize."

Nao walikuwa na swali lao. Aino alitaka kujua una ng'ombe wangapi ili achore idadi sahihi. Uliniangalia kama nimekutukana. "Ng'ombe hahesabiwi, wajina. Ukihesabu unawapunguza. Ng'ombe anaitwa." Kwa hiyo nikamtumia majina badala ya idadi: Subira aliyechelewa kuzaliwa, Mnada aliyetoka mnadani Butiama, Shemeji aliyekuja na mahari ya shangazi, na Mwenge aliyezaliwa siku mwenge wa Uhuru unapita. Nikamweleza kwamba jioni unasimama mlangoni mwa zizi na kuwaita mmoja mmoja, na asiyeitika ndiye aliyepotea. Aino akanijibu kwamba hajawahi kufikiria namna hiyo ya kujua kama wote wamefika. Akamchora kila ng'ombe na sura yake. Shemeji akampa na jicho la dharau, na wala hakuwahi kumwona.

Siku ile ulipoisikia sauti yako kwenye kishikwambi uliuliza, "Huyu mwanamke anayepiga makelele ni nani?" Bado nacheka, Bibi. Nacheka halafu nanyamaza.

Kisha ukaumwa, ukapelekwa Musoma, na yaliyofuata unayajua, ulikuwepo.

Niliporudi shule baada ya mazishi nilikuta darasa limeendelea. Walishachora theluji ya kina Aino na kuiwekea sauti ya mvua juu ya bati. Tulikuwa tumekubaliana sote kwamba kitu kinachoshuka kwa wingi namna ile kitakuwa na kishindo. Aino na wenzake walipoiona walicheka mpaka picha yao kwenye simu ya video ikawa inatikisika. Wakasema theluji hailii. Sisi tukasema haiwezekani. Basi wakatutumia rekodi ya theluji ikianguka, na Mwalimu Magesa akaifungua kwenye spika kubwa, darasa zima tumetega masikio.

Kimya.

Mwalimu akaongeza sauti. Kimya. Mmoja akasema bando limekwisha, mwingine akasema faili halijafunguka, Mwalimu akachomoa waya wa spika na kuupuliza. Tukawaandikia watume tena. Wakatuma tena kimya kilekile, kirefu zaidi. Ilibidi Aino atoke nje na simu yake tukimwona, theluji inamwangukia kwenye nywele, naye ameweka kidole mdomoni. Ndipo tukaisikia, Bibi. Yaani hatukusikia kitu. Halafu akaanza kutembea, na chini ya viatu vyake kukatoka mlio ule wa unga wa muhogo ukiubana mkononi. Kwa hiyo jibu lako ndilo hili: ikianguka hailii, ikikanyagwa ndiyo inalia. Nilikutafuta kwa macho nikuambie. Kwa sekunde moja nilikuwa nimesahau.

Tulitoa sauti ya bati. Katuni ikabaki na kipande kirefu cha weupe kisicho na sauti yoyote, na Aino akauliza kama sauti yako ingeweza kuwa pale, unaita ng'ombe katikati ya theluji, nao wanatokea mmoja mmoja. Lakini Mwalimu Magesa akasema sauti ya marehemu ni mali ya familia, niende nikaombe ruhusa, na wakikataa tutaifuta kila mahali. Rekodi ile ya kishikwambi ndiyo pekee iliyokuwa na sauti yako. Hatukuwa na nyingine.

Baba Mkubwa alikataa. Unamjua mwanao wa kwanza, akishasema hapana unaweza kufunga mlango ukalala. "Mama amechunga maisha yake yote. Sasa amepumzika, nyie mnataka mumwamshe akachunge ng'ombe wa Wazungu kwenye baridi?" Hata mimi niliona ana haki. Akasema nifute palepale, aone.

Nikamwomba niisikilize mara moja tu ya mwisho. Nilisimama karibu na zizi. Tangu uondoke, ng'ombe wako walikuwa hawarudi wenyewe, Baba Mkubwa alikuwa anawafuata mpaka kule mabondeni na fimbo, na Mwenge ndiye msumbufu kuliko wote. Nikabonyeza. Ukaanza kuita. Subira. Mnada. Shemeji. Ulipofika kwa Mwenge nilikuwa nimeinamisha kichwa, sikutaka Baba Mkubwa anione ninavyolia. Nikasikia kwato. Mwenge alikuwa anakuja, hakimbii wala hasiti, anakuja tu kama kawaida ya zamani, akasimama mlangoni mwa zizi na kulia mara moja.

Baba Mkubwa aliitupa fimbo chini. Baadaye akasema, "Kama Mwenge ameitika, mimi nikatae kama nani?" Halafu akaniuliza kule kwa Wazungu theluji inafika magotini au wapi. Ni mtoto wako kweli.

Siku ya kuonyesha katuni alikuja mpaka Bunda na koti lake la harusi. Ukumbi wetu na ukumbi wao zilikuwa zinaonana kwa video ukutani, wao wamevaa masweta, sisi tunajipepea kwa madaftari. Theluji ikaanguka, watu wote wakanyamaza huku na kule, na katikati ya kimya kile ukaita. Sikujua kwamba sauti yako ni kubwa hivyo. Ng'ombe wakatokea kwenye weupe, kila mmoja kwa jina lake, na Shemeji na jicho lake. Upande wa pili nilimwona mama mmoja mzima anafuta machozi, na wala hajui neno moja la Kiswahili. Sasa nami nina swali lisiloniacha: alisikia nini? Nimemwandikia Aino amuulize.

Mengine ni machache. Paa la jiko tumelirekebisha. Na Mwenge amezaa ndama jike, mweupe mgongoni mpaka mkiani. Unajua ulivyokuwa unawapa majina kwa mambo yaliyotokea. Wote tulikuwa tunasubiri nani atathubutu kutoa jina badala yako, akalitoa Baba Mkubwa mwenyewe, bila kumuuliza mtu. Anaitwa Theluji. Nakuambia ana makelele kuliko mama yake, usiku na mchana analia. Sijui ungesemaje.

Pumzika, wajina. Usisumbuke na hawa ng'ombe. Nitakuja Mugango kila shule ikifunga, na jioni tutasimama mlangoni mwa zizi, Baba Mkubwa, mimi na kishikwambi. Sauti yako inaishia kwa Mwenge. Huyo anayefuata nitamwita mimi.

Mjukuu wako na wajina wako,
Nyangeta