Baba Mkwe Kwenye Keria

Mpendwa mshauri,

Barua hii naiandikia mapajani, nimekaa juu ya kapu la mashuka machafu, kwa sababu hapa ndipo mahali pekee duniani ambapo baba mkwe wangu hanifikii, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu maana nimefanya jambo ambalo hata mke wangu halijui.

Mimi ni fundi wa boila kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nina miaka thelathini na minane, na kazini nakwenda kwa baiskeli, huu mwaka wa tisa. Nakuapia, miaka minane ya mwanzo hakukuwa na sehemu ya siku niliyoipenda kama ile nusu saa ya asubuhi, barabara tupu, baridi masikioni, naimba ninachotaka kwa sauti mbaya ninayotaka na hakuna wa kuniuliza. Natoka saa kumi na mbili na robo, saa moja kasoro robo nimefika, nawasha boila, saa moja kamili maji yanachemka na mashuka ya chumba cha upasuaji yanaingia kwenye mashine. Nisipofika mimi hakuna kinachochemka, na madaktari wanakaa kungojea vitambaa.

Sasa mwaka jana mama mkwe alifariki, Mungu amrehemu, baba mkwe akahamia kwetu, nami sikunung'unika hata kidogo, kitanda chake nilikibeba mwenyewe kichwani na chumba chenye dirisha kubwa nikampisha, kwa sababu mkwe ni mzazi. Mzee alikuwa karani wa mahudhurio kiwandani, miaka thelathini na mmoja amekaa kwenye kidirisha cha getini akiandika nani kafika na nani kachelewa, wachelewaji kwa wino mwekundu, na nyumba yake ilikuwa hatua mia nne kutoka hapo, kwa hiyo alikwenda kwa miguu. Amestaafu, ndiyo, lakini kila asubuhi lazima aende palepale getini akakae na walinzi, asome gazeti na kuwatazama wanaochelewa. Na kutoka kwetu si hatua mia nne tena, na geti lenyewe, kwa bahati yangu mbaya, liko njiani kwangu.

Wiki ya kwanza akaniambia, "Mwanangu, nitupie hapo getini." Ningejibu nini? Nikasema, "Panda, baba." Mshauri, maneno hayo mawili yananitesa mwezi wa nane sasa.

Kwanza anakuja na mto wa kochi anaufunga kwenye keria kwa kamba ya mpira. Halafu anakuja na mwavuli, anaufungua jua halijatoka na mvua haipo, anasema ni tahadhari, na upepo ukiingia kwenye ule mwavuli mimi nakanyaga pedali mpaka magoti yanalia na hatusogei. Halafu anaanza kazi. "Breki! Breki!" "Shimo hilo, hulioni?" "Kona haikatwi hivyo, kona inakatwa taratibu!" Tukifika kilimani mimi nashuka nasukuma, yeye hashuki, anasema akishuka mto utahama. Na salamu! Kila anayemjua lazima tusimame, fundi viatu, muuza mkaa, mlinzi wa ghala, kwa sababu eti salamu haitupwi kama ganda la ndizi, unasimama, unamsalimia mtu, unamuuliza watu wa nyumbani. Tunasimama. Anauliza watu wa nyumbani, kuku wa nyumbani, na ukuta wa nyumbani ulioanguka mwaka juzi.

Siku moja nimechoka, nahema, nikamwambia kwa utani, "Baba, leo endesha wewe, mimi nikae nyuma nipumzike." Akanuna. "Mimi nikubebe wewe? Umeona wapi?" Siku mbili hakusema na mimi, hata chumvi iliyokuwa mbele yangu mezani alimwomba mke wangu ampe.

Tairi la nyuma limepata pancha mara tatu ndani ya mwezi, spoki zinakatika, mpaka fundi baiskeli akasema mbele za watu, "Bwana, keria hii ni ya kubeba mzigo, si mzigo unaotoa maelekezo." Wote wakacheka, na mzee akacheka kuliko wote, alidhani anasemwa mwingine. Siku hiyohiyo ya pancha nilimwomba anisukumie baiskeli mpaka kwa fundi wakati mimi naokota vitu vyangu vilivyomwagika, yeye akaenda kusimama upande wa mnyororo, akaisukuma hivyo njia nzima, pedali ikamgonga ugoko, grisi ikampaka suruali yote, na lawama nikapewa mimi kwamba siitunzi baiskeli. Na Jumapili iliyopita tumetoka mimi na mke wangu kumtazama mgonjwa, tunarudi nakuta baiskeli imelala uani, usukani umepinda, ua wa jirani umebomoka, mzee yuko barazani amejifunga kitambaa kwenye kiwiko. Nikauliza kulikoni. "Upepo," akasema. Mshauri, siku hiyo hata jani halikutikisika! Nilijua tu ameiegemea, maana kila kitu changu sasa hivi kinaegemewa.

Nimechelewa kazini mara kumi na saba. Msimamizi wetu ni mama mmoja anayesema maneno makali kwa sauti laini, ameshanipa barua ya pili ya onyo, na akaniambia taratibu kabisa kwamba ya tatu haitakuwa ya onyo, itakuwa ya kuniaga. Barua zote mbili nimezificha chini ya boksi la vifaa vya baiskeli. Nilipojaribu kumwambia mke wangu kwamba baba yake ananichelewesha, bila kutaja barua, akanijibu, "Baba yangu alikupa mke mzima, wewe unashindwa kumpa keria?" Haya, lijibu hilo wewe.

Ndipo juzi nikachukua spana nikalegeza nati mbili za keria. Sikutaka kumuumiza, nakuapia, nilitaka itikisike tu, aogope, aseme mwenyewe kwamba leo atatembea. Jana asubuhi ikatikisika kweli. Akanishika kiuno kwa nguvu, akasema, "Mwanangu, barabara hii imeharibika sana siku hizi." Nifanye nini?

Wako,
Mkwe Aliyechoka Kubeba

*

Mkwe uliyechoka,

Weka karatasi hii chini. Nenda kachukue hiyo spana, kaza nati zote mbili mpaka kiganja kiume, tikisa keria uhakikishe, ndipo urudi usome yaliyobaki. Nakungoja.

Umerudi? Haya, pole sasa. Pole ya kweli, kwa sababu miezi minane ya kubeba mwavuli wa mtu mwingine dhidi ya upepo ni mtihani, na wengi wangeshindwa wiki ya pili. Lakini spana, ndugu yangu? Una mdomo, una mke, una msimamizi anayejua kusema taratibu, na mtu wa kwanza uliyemweleza shida yako ni nati? Mzee angeanguka barabarani, ungekuwa unafua mashuka aliyolalia. Wewe ni fundi wa boila, unajua kuliko mimi kinachotokea mvuke ukizibwa kila upande.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilifika pale kwenye mnyororo nikaacha kucheka, na nashangaa wewe mwenye baiskeli miaka tisa umeliandika jambo hilo kwa mkono wako na hukuliona. Baba mkwe wako hajui kuendesha baiskeli. Hajawahi kujua. Mtu anayeijua baiskeli huisukuma akiwa kushoto, maana mnyororo uko kulia, na hilo halifikirii, mwili wenyewe unakwenda. Mimi nililijua nikiwa msichana, siku niliyosukuma baiskeli ya baba upande wa kulia nikiwa na sketi nyeupe, na kosa hilo mtu halirudii. Yeye kalifanya akiwa na mvi.

Sasa rudi kwenye malalamiko yako uyasome upya. Hizo kelele za breki, shimo na kona ulizoziita maelekezo ni woga. Mzee amekaa juu ya kitu asichokielewa, kinakwenda mbio, hana pa kushika, na umri wake haumruhusu kusema anaogopa, basi anaamrisha. Ulipomwambia aendeshe yeye, wewe ulitania, yeye alidhani umemgundua. Na ule upepo uliopinda usukani ulikuwa umekaa barazani na kitambaa kwenye kiwiko! Alingoja nyumba iwe tupu, akaitoa baiskeli peke yake, hana wa kumshika, hana wa kumwelekeza, akaishia kwenye ua wa jirani. Jiulize kwa nini. Mtu anayefurahia kubebwa hajifunzi kuendesha kwa siri. Amekusikia unavyohema, mwanangu. Yuko nyuma ya mgongo wako kila asubuhi, angeacha kusikia vipi?

Nije kwenye barua zako za onyo. Hapa ndipo uliponiudhi kweli. Umezificha chini ya boksi, na katika nyumba hiyo yupo mtu mmoja aliyeandika wachelewaji miaka thelathini na mmoja, kwa wino mwekundu, anayejua barua ya pili ni nini na ya tatu ni nini, na ndiye uliyemficha kuliko wote. Unadhani anakusimamisha kwa muuza mkaa kwa sababu anakudharau? Anakusimamisha kwa sababu kila siku unasimama na kutabasamu. Leo jioni zitoe. Usiende na malalamiko, nenda na karatasi, mpe kwa mikono miwili, mwambie, "Baba, hizi wewe unazijua kuliko mimi, nisaidie." Halafu unyamaze. Atazisoma mpaka kwenye sahihi. Kesho saa kumi na mbili na dakika kumi utamkuta mlangoni na mto wake mkononi anakuuliza unangoja nini, na muuza mkaa atapungiwa mkono kama watu wengine.

Mke wako mwonyeshe pia, leo hiyohiyo. Ile kauli yake ya keria ni kali, lakini ni ya mtu aliyefichwa nusu ya habari, na aliyemficha ni wewe. Habari ya nati utamweleza mwenyewe, ukiwa umekaa mbali na mwiko. Na kwa msimamizi wako nenda kabla hajakuita, usimpelekee hadithi za pancha, mwambie umechelewa mara kumi na saba na jinsi ulivyolimaliza jambo lenyewe.

Bado kuna Jumapili. Tafuta uwanja usio na watu, shusha kiti cha baiskeli mpaka nyayo za mzee zifike chini zote mbili, ung'oe huo mto, na mwavuli ubaki nyumbani. Usithubutu kumwambia utamfundisha, utamvua nguo mtu mzima. Mwambie, "Baba, tangu ule upepo, usukani huu unavuta upande, na nikiwa juu mwenyewe sioni tatizo liko wapi. Kaa wewe, mimi nikushikie nyuma nitazame." Atajua kwamba umejua. Wewe nawe utajua kwamba amejua. Lisitajwe hapo uwanjani, wala nyumbani, wala kwa fundi baiskeli mwenye mdomo. Kusitiriana ndiko huko, na ukwe bila kusitiriana ni upangaji tu.

Hatajifunza siku moja, atakuchosha Jumapili nne au tano, labda zaidi. Lakini ataanza kukanyaga, baiskeli itayumba, na wewe utakuwa nyuma yake umeinama, unahema. Utaliona shimo kabla yake. Utaiona kona. Ulimi utakuwasha.

Funga mdomo, shika keria, kimbia.